Sura ya Tisa: Makapi Kwenye Bawaba

Gobore la mzee Mogesi lilikuwa limelazwa juu ya meza ya kituo, na Sajenti Hilaria alikuwa ameliinamia, miwani imemshukia hadi ncha ya pua, akilitazama kama mama mkwe anavyomtazama bibi harusi: kuanzia miguuni, bila haraka na bila huruma.

Alikuwa amechoka. Asubuhi hiyo hiyo basi lilikuwa limemshusha akitoka msibani kwao Kewanja, miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa, na kabla hajavua viatu akaambiwa kesi imekwisha. Yona, kibarua wa kambi ya watalii, alikuwa amepigwa risasi jioni moja ya wiki iliyopita ndani ya shamba la ulezi, karibu na lango la Ikoma. Mogesi, mwindaji wa zamani aliyegombana na Yona kwa sababu ya mbwa, alikuwa amekamatwa na gobore lake chini ya kitanda. Mchana huu, chakula kikishaliwa, gari lingemchukua akasomewe shitaka la mauaji, kisha moja kwa moja mahabusu Musoma. Na mauaji hayana dhamana. Mzee wa umri ule, mwenye kikohozi kile, akiingia mahabusu, kesi yake ingekuja kusikilizwa na malaika.

"Konstantino," Hilaria akaita. "Hili gobore lilisafiri vipi kutoka kijijini?"

Koplo Konstantino, dereva wa kituo, alikuwa mtu ambaye tumbo lake hufika eneo la tukio kabla yake. "Kwenye gari. Nyuma."

"Mdomo wake ulielekea wapi?"

"Mbele. Hapa, nyuma ya kiti changu. Kwa nini?"

Hilaria alichomoa ile fimbo nyembamba ya chuma inayokaa chini ya mtutu, ambayo mwenye gobore huitumia kushindilia baruti. Akaipima kwanza kwa nje, kandokando ya mtutu, ikafika sawasawa hadi mtutu unapoishia. Kisha akaiingiza ndani, taratibu. Ikazama, ikazama, ikagota. Kipande cha urefu wa kiganja kikabaki nje kikichungulia.

Konstantino akakitazama kile kipande. "Imegota kwenye nini?"

"Kwenye kitu kilichokuwa kinakutazama mgongo njia nzima."

Konstantino akaketi. Hakuchagua pa kuketi. Alichokalia ni ndoo ya kudekia.

"Tulia, fataki haipo. Bila fataki hakuna cheche," Hilaria akasema. "Mungu ana kazi nyingi, lakini siku ile alikutengea wewe peke yako."

Ilimchukua muda mrefu kukitoa kilichokuwa ndani. Kwanza kitambaa kilichosokotwa, kimeganda kwa kutu hadi kikatoka na magamba mekundu. Kisha vipande vya nondo vilivyokatwa kwa tindo. Mwisho baruti yenyewe, imeshikana kwa unyevu kama kashata iliyosahauliwa mfukoni. Alikuwa bado ameishika kiganjani mlango ulipofunguliwa na mkuu wa upelelezi akaingia.

Afande Steven hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na majalada mengi kuliko kabati, na macho ya mtu asiyekumbuka mara ya mwisho alipoota ndoto.

"Sajenti, umerudi. Pole na msiba. Hiyo kesi imefungwa."

"Asante, afande. Nimeifungua kidogo tu, nichungulie." Akamwonyesha kiganja. "Hili gobore halijapigwa wiki iliyopita. Halijapigwa hata mwaka jana."

"Alipiga, akapakia tena."

"Kwa baruti iliyooza?"

"Maskini hupakia alichonacho." Steven akavuta kiti. "Nipe kingine."

Hilaria akashusha pumzi. Kabla ya kuletwa upelelezi alikuwa amekaa miaka mingi katika chumba cha silaha cha kituo kimoja, akifungua na kufuta na kufunga, mpaka akazijua bunduki kama mwingine anavyowajua wajukuu, yupi mkorofi na yupi mnafiki.

"Afande, kila bunduki ina kitako cha kuegemea bega, ina mtutu, na katikati ina mtambo. Kitako na mtutu ni mapambo. Ukitaka kuijua bunduki uliza mtambo wake: inakula wapi, na inatema wapi. Gobore linakula kwa mdomo. Umimine baruti, usokote kitambaa, ushindilie, utie vyuma, ushindilie tena, uweke fataki. Ukimaliza, nguruwe ameshafika kwake na kuoa. Mashahidi wanasema nini? Walisikia milio mingapi?"

"Miwili," Steven akakiri. "Mfululizo. Lakini wa pili ulikuwa mwangwi."

"Mwangwi wa kilima gani? Pale ni tambarare. Sauti ikitoka pale haina pa kugonga irudi. Inaenda moja kwa moja hifadhini kutalii."

Konstantino akacheka kutoka kwenye ndoo. Steven hakucheka, ila kona moja ya mdomo ilisahau amri.

"Basi Emanueli," akasema. "Yule askari wa wanyamapori wa kijiji. Ana bunduki ya serikali."

"Ya komeo. Ile unavuta komeo nyuma kama la mlango wa choo, ganda la risasi linaruka nje, unalisukuma, risasi nyingine inaingia. Inakula moja, inatema moja. Akipiga mara mbili, lazima ganda moja lianguke chini. Mlipata ganda?"

"Hatukupata."

"Na inatoboa tundu moja. Daktari aliona matundu mangapi?"

"Mengi. Kama ndui. Punje zenyewe zimeshapelekwa kwa mkemia, na majibu hayajarudi."

"Marisau, afande. Punje za bunduki ya ndege na nguruwe. Yenye mitutu miwili, inayokunjika katikati kama kisu cha mfukoni. Inakula mbili kwa nyuma, inapiga paa-paa, na maganda haitemi. Inayabana mdomoni mpaka mwenyewe aikunje ayatoe. Kijiji kile kizima anayo mtu mmoja tu."

Wote watatu walimjua. Mzee Waitara, mtu wa Nyarero aliyehamia Ikoma zamani, mzee wa kanisa, ndiye aliyepiga yowe jioni ile na ndiye aliyembeba marehemu kwenye pikapu yake.

"Waitara ana leseni," Steven akasema polepole. "Bunduki yake iko ndani ya sanduku la chuma. Vijana walikwenda, wakaliona."

"Walilifungua?"

"Walilipiga kofi. Likalia."

Hilaria alimtazama mpaka akageuza uso.

"Sikia, Sajenti. Gari linaondoka baada ya chakula, nami nitakuwa ndani yake. Ukiniletea bunduki nyingine, namshusha Mogesi mahali popote nilipo. Ukiniletea maneno, maneno ninayo ya kutosha."

Mahabusu ya kituo ilinuka mkojo na sabuni, sabuni ikiwa imeshindwa. Mogesi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, blanketi begani.

"Shikamoo, tata," Hilaria akasema, akimwita baba kwa Kikurya.

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea tumbaku?"

"Nimeleta maswali."

"Hayo hata jana waliniletea. Hayavutiki." Akakohoa kwa muda mrefu. Hilaria akangoja, kwa kuwa kikohozi cha mzee hakikatizwi.

"Gobore lako ulilipakia lini?"

"Mwaka ule tembo walikula mahindi ya shule. Sikulipiga. Macho yalikuwa yameanza kuniacha, nikaogopa nitampiga mwalimu."

"Kwa nini hukuyatoa yaliyomo?"

"Gobore tupu si ni mchi? Naliweka chini ya kitanda nikilala nijione mwanamume." Akajifuta midomo. "Yule mkubwa wenu ameniambia nikubali kwamba nilidhani ni nguruwe. Anasema adhabu itapungua."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia itapungua kwenu. Kwetu itaanza. Mtu aliyemwaga damu ya mtu hali chungu kimoja na watoto mpaka wazee wamsafishe. Na kitu alichomwagia damu hakilali kwenye nyumba yenye watoto. Wewe ni wa Kewanja, unayajua haya. Nikikubali uongo, wajukuu zangu watanikimbia kwa ajili ya damu ambayo sikuigusa."

Hilaria akasimama kwa kushika ukuta. Magoti yalilia kama mlango.

"Usipande gari kwa haraka, tata."

"Kwa miguu hii?" Mogesi akasema. "Labda wanibebe."

Barabara ya kwenda Ikoma ilikuwa imechanwachanwa na mvua, na kila shimo Konstantino alilitafuta kama mtu aliyeagizwa. Hilaria alifumba macho. Hakulala; alikuwa anayaonea huruma macho.

Walisimama kwanza kwa Verdiana, mjane anayepakana na Waitara, ambaye jina lake lilikuwa katika orodha ya mashahidi. Walimkuta akipepeta ulezi mbele ya nyumba, ungo ukiruka na kushuka, makapi yakiondoka na upepo.

"Karibu, mama polisi. Na wewe baba tumbo, karibu."

"Ulisikia milio mingapi jioni ile?" Hilaria akauliza baada ya salamu.

"Miwili. Paa-paa! Mtu kupiga chafya mara mbili anachelewa zaidi. Nikasema huyo ni Waitara na nguruwe zake. Kisha kukawa kimya. Kimya kirefu, mama. Ndipo yowe likapigwa."

"Ulisema ni Waitara? Mbona haimo katika maelezo yako?"

"Walioniandika waliniuliza Mogesi namwonaje. Nikawaambia simwoni, ana deni la kunisalimia tangu Pasaka. Waitara hawakuniuliza."

Konstantino aliangalia juu, akajifanya anahesabu mawingu.

Walikuwa bado hapo alipotokea mwanamke wa makamo, bakuli tupu mkononi, kanga imefungwa vizuri sana kwa mtu wa kwenda jirani tu. Alipoona sare akasita, lakini mguu ulikuwa umeshavuka uzio. Alikuwa Bhoke, mke wa Waitara.

"Naomba unga wa ulezi kidogo, mama Verdiana. Nitakurudishia."

"Tena?" Verdiana akaweka ungo chini, akashika kiuno. "Jamani, mke wa Waitara anaazima unga kwa mjane! Kihenge chenu kimejaa mpaka kofia yake haifungi. Au mnangoja upande bei?"

"Panya wameingia."

"Panya! Mtie paka basi. Mimi hapa paka wangu anakula dagaa na ugali, na panya wananisalimia."

Bhoke hakucheka. Alipokea unga, akamwamkia Hilaria kwa sauti isiyotoka, akaondoka. Hilaria alimfuata kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya minyaa.

"Ameanza lini kuazima?"

"Tangu tulipomzika Yona. Mimi nasema ni uchoyo. Tajiri akianza kula cha maskini ujue ameshamaliza kuhesabu chake."

Hilaria alipanda gari kwa awamu mbili, mguu kisha mguu. Aliwaza: panya huingia kihenge, ndiyo, lakini mwanamke wa Kikurya hakiachi kihenge kizima kwa ajili ya panya. Huwafukuza kwa moshi, hupepeta upya, huosha, na maisha yanaendelea. Kuna kitu kimoja tu kinachoweza kumfanya aache chakula chake mwenyewe kikae.

Lakini hayo yalikuwa maneno. Afande Steven alikuwa nayo ya kutosha.

Mzee Waitara aliwapokea barazani, mrefu, kofia mkononi, shati jeupe limepigwa pasi. Salamu zilikwenda na kurudi. Bhoke akaleta chai na mkate wa dukani. Hakuna uji, hakuna ugali.

"Nimekuja kuiona bunduki yako, tata," Hilaria akasema. "Ni utaratibu tu. Nikimaliza naondoka, miguu inaniuma."

"Bila shaka, mwanangu. Iko sandukuni. Haijatoka tangu nilipoipeleka kukaguliwa."

Aliingia ndani kwa mlango wa mbele. Hilaria akanywa chai. Alisikia nyayo zikipita chumbani, zikapita jikoni, na mlango wa nyuma ukalia. Kuku walipiga kelele uani. Kisha kimya. Konstantino alimaliza mkate wake, akautazama wa Hilaria kwa macho ya yatima. Akapewa.

Waitara alirudi. Aliingilia mlangoni, lakini alitokea kwenye kona ya nyumba, bunduki mikononi, akiifuta kwa shati lile jeupe.

"Nimepitia nyuma kutafuta kitambaa," akasema kabla hajaulizwa.

"Karibu uketi, tata."

Ilikuwa bunduki nzuri ya zamani, mitutu miwili imelala sambamba kama mapacha, kitako cha mti mwekundu. Hilaria alisukuma ulimi mdogo wa juu, nayo ikakunjika katikati, mitutu ikainama mbele kwenye bawaba yake, matundu mawili yakafunguka. Akayaelekeza kwenye mwanga. Yaling'aa mpaka mwisho. Hakuna mafuta ya zamani, hakuna vumbi.

"Umeisafisha vizuri."

"Silaha ni kama roho. Isipooshwa inashika kutu."

"Na lini uliiosha?"

"Siku nyingi."

Hilaria akaiweka magotini. Mwanamume akisafisha bunduki, alikuwa ameshaona katika chumba cha silaha, husafisha panapoonekana: mtutu, kwa kuwa mkaguzi huchungulia hapo. Pasipoonekana humwachia Mungu. Akaweka kidole chini ya mitutu, kwenye ule ubao mfupi wa kushikia kwa mkono wa mbele, akabonyeza kibanio, ubao ukatoka.

Makapi yakamwagika kwenye sketi yake. Makapi mekundu ya ulezi, mepesi, na punje zake ndani yake. Aliigeuza bunduki na kuigonga kidogo kwa kiganja; mengine yakatoka kwenye bawaba yenyewe, yameshikana na mafuta. Fukusi mmoja wa nafaka akatambaa juu ya goti la serikali, akasimama kushangaa.

Waitara alimtazama fukusi.

"Hapa tunapepeta," Waitara akasema. "Upepo unapeleka makapi kila mahali."

"Mpaka ndani ya sanduku la chuma?"

"Makapi ni kitu chepesi, mwanangu."

"Kweli. Fukusi je? Huyu naye alipeperushwa?" Akageuka. "Konstantino, kwa ruhusa ya mzee, nenda kaliangalie sanduku. Liko wapi, tata?"

"Chumbani. Lakini wajukuu wamelala."

"Atapita kwa vidole. Ni mnene lakini ana adabu."

Konstantino alikwenda, akarudi, uso wake umekosa utani. "Liko wazi, Sajenti. Linanuka dawa ya nondo. Ndani kuna suti, na juu ya suti kuna vumbi limelala vizuri, halijavurugwa na kitu. Buibui amejenga kwenye kona. Watoto wawili wamelala kando yake."

Waitara aliweka kofia kichwani, akaivua. "Buibui hujenga usiku mmoja," akasema. "Utanipeleka mahakamani na makapi na buibui?"

Hilaria alijua mzee ana haki. Wakili wa mwezi mmoja angeyapuliza makapi yale yakaenda na upepo. Jua lilikuwa limeshavuka kichwa. Mahali fulani huko mbele Afande Steven alikuwa ananawa mikono baada ya chakula. Alijisikia mzito, mzito kabisa, kama mtu aliyebeba gunia la mwenzake. Akaurudisha ule ubao mahali pake, akahakikisha matundu yote mawili ni matupu, akaifunga bunduki, akasimama.

"Umesema kweli, tata. Makapi si kesi. Basi nikuombe radhi, na nikurudishie silaha yako mahali pake. Sheria inasema sandukuni. Nitaiweka mwenyewe, ili nikiandika niandike nilichokiona."

Akaelekea mlangoni, bunduki kwapani.

Alipiga hatua chache tu. Bhoke alikuwa amesimama kizingitini, lile bakuli la unga mkononi, na sasa alinyoosha mikono yote miwili, akashika miimo ya mlango, bakuli likaanguka na unga wa kuazima ukamwagika miguuni pake.

"Usipite nayo."

"Mama, ni bunduki yenu. Imekaa humu miaka."

"Usipite nayo hapa. Wajukuu zangu wamelala humu."

"Bhoke!" Waitara akafoka, akaendelea kwa Kikurya, haraka, kwa sauti ya mtu anayevuta ng'ombe aliyezama. Alisahau kwamba mgeni wake amezaliwa Kewanja. Alikuwa anamwambia mkewe: mwache apite, mwache, tutawahamisha watoto, tutaiosha nyumba.

"Utaiosha kwa nini, tata?" Hilaria akamuuliza kwa Kikurya hicho hicho.

Bhoke ndiye aliyejibu, akiwa bado ameshika miimo, machozi yanamshuka na sauti haitetemeki.

"Aliileta jioni ile akataka kuingia nayo. Nikamwambia hapana. Nikamwambia, wewe ingia kama unaweza, ile haiingii. Akaipeleka kwenye kihenge, akaichomeka kwenye ulezi wangu. Tangu siku ile sijapika kilichomo. Nimekuwa ombaomba mwenye kihenge kilichojaa."

Mzee Waitara aliketi kwenye ngazi ya baraza. Kuketi kwake kulikuwa kama kwa mtu aliyesafiri kwa miguu kutoka Nyarero.

"Nilidhani ni nguruwe," akasema. "Ulezi ulitikisika. Nilipiga miwili. Nguruwe halii kwa jina la mama yake."

Hilaria alikaa kando yake, bunduki imekunjwa magotini. "Ungesema hivyo siku ile, tata, ungekuwa mtu aliyepatwa na balaa. Kijiji kingelia na wewe."

"Nilipiga yowe ili niseme. Watu wakaja na mikuki, wakamwona amelala. Mtu akasema, ni Mogesi, waligombana. Mimi sikusema Mogesi. Nilinyamaza tu."

"Kunyamaza kwako ndiko kulikomfunga pingu."

"Najua."

"Na ungeishi vipi? Ungekula kwa mjane mpaka lini?"

"Nilitaka niende Nyarero, kwa wazee, wanisafishe mimi na bunduki. Nikafika mpaka njia panda, nikarudi." Akaigeuza kofia mikononi. "Kusafishwa kunaanza na kusema, mwanangu. Wazee hawamchinji kondoo kwa mtu aliyenyamaza."

"Serikali uliidanganya bila taabu."

"Serikali haikai na wajukuu wangu."

Simu haikushika mtandao mpaka Konstantino alipopanda juu ya kichuguu nyuma ya zizi, akipiga kelele kama mchungaji wa mkutano wa injili. Gari lilikuwa limeshaondoka. Afande Steven alisema lete bunduki barabarani, yeye atasimama. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa neno lake, alisimama, kwenye uwanda ambao hauna mti wala duka, injini inanguruma, vumbi halijatua.

Hilaria alimkabidhi bunduki na ule ubao, alioufungua tena, makapi yamefungwa kwenye kipande cha gazeti. Alisema maneno machache. Steven alimtazama Waitara, ambaye alikuwa ameshuka mwenyewe na kunyoosha mikono, na Waitara akayarudia mwenyewe, yote, na milio yake miwili.

"Mshusheni Mogesi," Steven akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejionea haya: "Sajenti, gobore lake halina kibali. Hilo itabidi tulizungumze kesho."

"Tutalizungumza, afande. Gobore bila kibali halimnyongi mtu."

Ilibidi wambebe kweli, askari wawili, kwa kuwa gari lile ni refu na magoti yake yalikuwa yameganda. Wakamsimamisha kwenye vumbi. Alikohoa, akangoja kikohozi kiishe, akapangusa macho, ndipo akamwona Waitara akisubiri kupanda, pingu mkononi, kofia imebaki kwa mkewe. Wazee wawili wakatazamana. Waliwahi kuwinda pamoja wakiwa vijana, ilisemekana. Askari mmoja akasogea katikati yao, kwa tahadhari.

Mogesi akamwambia, "Kaa kwenye benchi la kushoto. Hili la kulia lina msumari."

Waitara akapanda. Akalitazama benchi la kushoto, akalipita, akakaa la kulia.